Maji: Ihsani au Amana?



Wewe uliye Tanga, Lamu, Unguja au Kilwa, unapofungua bomba alfajiri ili utawadhe, aghalabu hulifikirii bomba lenyewe. Maji yanatoka, unanawa, unakwenda kusali. Siku bomba linapokohoa na kutoa upepo mtupu, ndipo swali linapotutoka sote kwa pamoja: Serikali inafanya nini? Swali hili ni la haki, wala hapana mtu awezaye kumlaumu mwenye kiu kwa kuuliza. Lakini lina ndugu yake ambaye sisi hatupendi kumwita, naye ni hili: Na sisi je, tumefanya nini?

Leo nataka tuyaketishe maswali haya mawili kwenye jamvi moja. Na ili tuyaone vizuri, nakuomba tuondoke pwani kidogo, tuifuate ile njia ya babu zetu itokayo Bagamoyo mpaka Tabora, kwani huko yamepita mambo yenye mafunzo kwetu sote.

Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Usagara, ikaingia Ugogo, na baada ya Ugogo ikaikabili Mgunda Mkali, nyika kavu iliyo kabla ya Unyanyembe. Hapo wapagazi hawakushika desturi ya kwenda asubuhi na kupumzika mchana. Walipika adhuhuri penye kisima cha mwisho, wakajaza vibuyu vyao, wakaondoka jua likiwa kali, wakalala njiani pasipo maji, na asubuhi yake wakafika penye kisima kingine. Mwendo huo waliuita tirikeza. Kabla ya hapo, katika nchi ya Wagogo, watemi walikuwa wakitoza hongo, na ndani ya hongo hiyo mlikuwamo na ruhusa ya kuteka maji. Wasafiri walilalamika sana. Lakini hebu fikiri: kisima cha nyikani hakijichimbi wala hakijizoi matope, na msafara wa mamia ya watu waweza kukikausha kwa siku moja, kisha ukaenda zake. Aliyebaki na kisima kikavu ni mwenyeji. Basi tangu zamani hizo swali lilikuwapo: maji ni ya Mwenyezi Mungu, lakini nani mwenye dhamana ya kisima?

Waarabu na Waswahili waliokwenda kukaa Unyanyembe katika karne ya 19 walipanda miembe, wakajenga tembe, wakachimba visima. Burton na Speke walipofika hapo Novemba 1857, wakapaita Kazeh, waliukuta mji wa wafanyabiashara wenye uhusiano mkubwa na Unguja. Hata leo Tabora inayo kata iitwayo Chemchem. Lakini mji ule umekaa juu ya nyanda za bara, mahali pasipo mto mkubwa wa kudumu. Mvua huanza takriban Novemba na kwisha Aprili, kisha hufuata miezi mingi mikavu. Reli ilipofika mwaka 1912 mji ukazidi kupanuka, na visima vya ua havikutosha tena. Yakatengenezwa mabwawa, la Igombe na la Kazima, na kwa miaka mingi mji uliishi kwa kuyatazama mabwawa hayo kama mkulima atazamavyo mawingu. Mvua ikipungua, bwawa hushuka. Bwawa likishuka, maji ya bomba huja kwa zamu, na vijana wa baiskeli hupita mitaani na madumu wakiuza. Anayeumia zaidi wakati huo ni maskini, kwani tajiri ana tangi nyumbani kwake, na maskini hununua dumu moja moja kwa bei ya juu.

Mji ulio katika hali hiyo hauwezi kujiokoa peke yake. Ziwa Viktoria li mbali, na hapana harambee ya mitaa ya Isevya na Gongoni iwezayo kulivuta. Hapo ndipo Serikali inapopaswa kuingia, na iliingia. Kwanza maji yalichukuliwa Ihelele, wilayani Misungwi, yakapelekwa Shinyanga na Kahama, na mradi huo ukafunguliwa mwaka 2009. Hata kuyagusa maji ya ziwa kulihitaji ujasiri wa dola, kwa sababu palikuwa na mapatano ya mwaka 1929 baina ya Uingereza na Misri juu ya maji ya Nile, mapatano ambayo Tanganyika huru ilitangaza mwaka 1962 kwamba hayaifungi. Kisha bomba likaendelezwa kutoka Solwa, mkoani Shinyanga, mpaka Nzega, Igunga na Tabora, kwa mkopo wa Serikali ya India wa dola za Marekani milioni 268.35. Kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi bilioni 600. Mwanzoni mwa mwaka 2021 mradi ukazinduliwa, na maji ya Ziwa Viktoria yakawa yamefika mji wa misafara.

Ndugu msomaji, usidhani jambo hili ni la watu wa bara tu. Mkopo ule ni deni la taifa. Mvuvi wa Kilwa anunuapo sabuni au mafuta ya taa, analipa kodi ambayo sehemu yake ndogo italilipa bomba la Tabora. Hapana ubaya wowote katika hilo. Ni haki ya jirani juu ya jirani. Lakini aliyechangia ana haki ya kuuliza mchango wake umetunzwaje, na aliyechangiwa ana wajibu wa kujibu.

Sasa tufike kwenye shina la maneno yetu. Serikali inapoingia kati na kuushika mfumo wa maji wa mji uliolemewa, je, imefanya ihsani au imepokea amana? Maneno haya mawili hayafanani. Ihsani hushukuriwa. Amana huhesabiwa. Aliyetendewa ihsani hupiga makofi na kukaa kimya, kwa kuwa aliyepewa hachagui. Mwenye amana yake mikononi mwa mtu huuliza kila siku, wala haonekani mkosefu wa adabu.

Historia yetu ina watu wakubwa waliotoa maji kwa ihsani. Bibi Zubayda, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, alitoa mali nyingi kuwapatia maji mahujaji, akajenga visima na mabirika katika njia ya kutoka Iraq, na mfereji wa kuyaleta maji Makka. Hapa petu, Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini maji ya chemchem ya upande wa Bububu, na watu wa mji wakayapata bila ya kulipa. Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini ihsani ya mtawala hutegemea moyo wa mtawala. Leo yupo mwema, kesho ataingia mwingine ambaye fikira zake ziko kwingine, na raia aliyezoea kushukuru tu hajui hata namna ya kudai.

Tazama sasa tendo la Sayyidna Uthman (r.a.) katika kisima cha Ruma. Waislamu walipohamia Madina maji matamu yalikuwa haba, na mwenye kisima hicho alikuwa akiyauza. Uthman alikinunua kwa mali yake mwenyewe, akakiweka wakfu, na yeye mwenyewe akateka kama wengine. Hapa kuna zaidi ya ukarimu. Alikitoa kisima katika mkono wa mtu na kukitia katika hukumu ya wakfu, na wakfu una msimamizi, una masharti, na msimamizi huyo huulizwa. Yeye Uthman alipokwisha toa, hakuwa tena na neno la kusema, Mimi ndimi niliyekupeni maji. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka uikumbuke.

Basi mimi nasema kwamba Serikali inayochukua maji ya mji hali yake ni ile ya mtu aliyekabidhiwa mali ya yatima. Dini yetu imeeleza waziwazi masharti ya mtu huyo. Asiichanganye mali ya yatima na yake. Asiile kwa israfu. Ampime yatima na kumfundisha mpaka aweze kuishika mali yake, kisha amrudishie mbele ya mashahidi. Hapana popote paliposemwa kwamba msimamizi mwema ni yule anayemfanya yatima abaki mtoto mpaka ndevu zimwote mvi.

Na nchi yetu imekwisha kuijaribu hali zote mbili, ya kuchukua na ya kurudisha. Mwaka 1972 ilianzishwa siasa ya Madaraka Mikoani. Nia yake ilikuwa njema: kuwapeleka wataalamu na fedha karibu na wananchi. Lakini pamoja na hayo, mabaraza ya wilaya yakaondolewa, na katika muda wa miaka miwili hivi mabaraza ya miji nayo yakafuata, hata la jiji la Dar es Salaam. Kazi zote za mji, maji, taka, mitaro na majitaka, zikaingia mikononi mwa maofisa wa Serikali Kuu. Matokeo yake watu wazima wanayakumbuka. Mitaro iliziba, taka zikarundikana, na mwananchi hakuwa na diwani wa kumfuata. Mwaka 1977 kipindupindu kikaenea vibaya nchini. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kuyarudisha mabaraza ya miji, na mabaraza ya wilaya yakarudi mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuziondoa serikali za mitaa lilikuwa kosa. Kiongozi anayekiri kosa anastahili heshima, lakini sisi tusiishie kwenye heshima, tulichukue na funzo. Maofisa wale hawakuwa watu wabaya. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza aliyekaa karibu na mtaro unaonuka.

Vijijini nako funzo ni lilo hilo. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20, ili kufikia 1991 kila mtu apate maji safi mahali pasipozidi meta 400 kutoka nyumbani kwake. Maji yakatolewa bure, na matengenezo yakawa juu ya Serikali. Pampu nyingi zikafungwa, watu wakafurahi. Lakini pampu ilipokufa kwa kukosa kifaa kidogo, kijiji kilikaa kikingojea fundi wa wilaya, na fundi hana gari, na gari halina mafuta. Watu waliochimba na kuzoa visima vyao kwa vizazi vingi walikaa kando ya pampu iliyokufa wakisema, Hii ni ya Serikali. Mwaka 1991 ukafika na lengo halikutimia. Mwaka huo ikatoka sera mpya ya maji, na nyingine mwaka 2002, zikimtaka mtumiaji achangie na ashiriki. Na sheria ya mwaka 2019, iliyoanzisha RUWASA kwa ajili ya vijijini, imeviweka na vyombo vya wananchi wenyewe vya kusimamia maji yao.

Yuko msomaji atakayeniambia: Maji ni haki ya watu wote, nayo dini yetu imeyahesabu pamoja na malisho na moto kuwa vitu vya shirika, vipi basi yalipiwe? Nami nakubali kwamba maji hayana bei. Lakini bomba lina bei. Dawa ya kuyasafisha ina bei, umeme wa kuyasukuma una bei, na fundi ana watoto. Anayelipia gharama hizo hajanunua rehema ya Mola wake, amechangia kuzoa kisima. Haramu ni kumzuilia mwenye kiu maji yaliyozidi, na dhulma ni kumtoza anayenunua dumu moja kwenye kioski zaidi ya anayemwagilia bustani kwa bomba la nyumbani. Mamlaka yoyote ya maji, ya Tabora au ya kwetu pwani, ipimwe kwanza kwa mizani hiyo: maskini wake analipa nini?

Wala haitoshi Serikali kusema, Kazi tumempa mwingine. Mwaka 2003 maji ya Dar es Salaam yalikabidhiwa kampuni ya City Water, yenye wabia wa kigeni, na Mei 2005 Serikali ikauvunja mkataba kwa kuwa haikuridhika na kazi. Kesi ikaenda mpaka mahakama ya usuluhishi ya kimataifa. Katika miaka ile mama wa Manzese hakuijua kampuni wala hakuusoma mkataba. Yeye aliijua ndoo yake tu. Msimamizi wa yatima anaweza kumwajiri mtu amlimie shamba la yatima, lakini shamba likiharibika, atakayeulizwa ni msimamizi.

Sasa niruhusu nitaje jambo ambalo watu hawapendi kulitaja, hasa mbele ya wageni. Maji yanayoingia nyumbani hutoka. Chukulia nyumba iliyokuwa ikitumia ndoo tano kwa siku, yaani lita 100, kwa sababu maji yalibebwa kichwani. Ikipata bomba la ndani itatumia lita 300 bila ya kutambua. Zile lita 200 za ziada zinakwenda wapi? Katika miji yetu mingi, Tabora ikiwa mojawapo, nyumba nyingi hazikuungwa na mabomba ya majitaka. Zinategemea choo cha shimo au karo. Shimo lililochimbwa kwa ajili ya ndoo tano hujaa upesi likipokea maji ya bomba. Likijaa, mwenye uwezo huliita gari la kunyonya majitaka. Asiye na uwezo hungoja mvua kubwa ya usiku, akalitoboa, uchafu ukaenda na maji mpaka mlangoni kwa jirani. Dar es Salaam tendo hili lina jina lake, kutapisha choo, na jambo likishakuwa na jina ujue limezoeleka.

Katika sherehe za kuzindua maji kiongozi hufungua bomba, wanawake hupiga vigelegele, na picha hupigwa. Sijapata kuona utepe ukikatwa penye karo. Kwa hiyo nusu moja ya amana huonekana na nusu nyingine hufichwa chini ya ardhi, na ugonjwa hutoka katika nusu ile iliyofichwa. Anayepokea maji ya mji apokee na majitaka yake. Serikali inayoleta mamilioni ya lita kutoka Ziwa Viktoria, na isiweke mabwawa ya kusafishia majitaka, magari ya kunyonya na bei ambayo mtu wa chini aweza kuilipa, imeleta neema mkono wa kulia na mtihani mkono wa kushoto. Lakini anayelitoboa shimo lake usiku ni raia, wala si waziri. Mtume wetu (s.a.w.) amekataza kuchafua njia za watu na mahali pa kutekea maji, na katazo hilo hakuliwekea kibali cha usiku wala cha mvua. Twawezaje kusimama safu moja msikitini na jirani ambaye jana tumemmwagia najisi uani?

Basi, ndugu msomaji, turudi kwenye yale maswali yetu mawili. Likiulizwa, Serikali inafanya nini, tuulize kama wenye amana yao: hesabu ziko wapi, maskini analipa nini, mafundi wa mji wamefundishwa nani, kamati ya watumiaji imechaguliwa lini, na majitaka yanakwenda wapi? Tuyaulize hayo kwa diwani wetu na katika mkutano wa mtaa, kwa sauti ya adabu isiyochoka. Na likiulizwa, sisi tumefanya nini, tusitafute pa kujificha. Tuangalie ankara tuliyoikalia, bomba la mtaani linalovuja na tunapita kando yake kila siku, na lile shimo la nyuma ya nyumba. Yatima asiyetaka kukua humpa msimamizi mbaya udhuru mzuri.

Wapagazi wa Mgunda Mkali walikuwa wakijaza vibuyu vyao wakijua kwamba kisima wanachokiacha kitangojewa na msafara mwingine unaokuja nyuma yao. Nasi tuko safarini, na wanaokuja nyuma yetu ni watoto wetu. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwaachie kisima kizima, chenye maji safi na mlinzi mwaminifu. Amin.